Viwanda vya korosho vya Kusini: je, vilikufa kwa kukosa wanasayansi?

Swali: Shikamoo Mhandisi. Mimi ni mwalimu wa fizikia katika sekondari moja wilayani Newala. Mjomba wangu alikuwa fundi kwenye kiwanda cha korosho mpaka kilipofungwa, na hadi leo spana zake ziko kwenye sanduku chini ya kitanda. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wameniuliza: nchi ina vyuo vikuu vyote hivi, kwa nini korosho zetu bado zinapanda meli na maganda yake? Nimekosa la kuwajibu. Mmoja anasema hatuna wanasayansi, mwingine anasema wanunuzi wa nje ndio waliotuhujumu, wa tatu anasema siasa. Ukweli uko wapi? Na mwalimu mwenye maabara ya mizani moja na taa nne za spiriti anaweza kufanya nini?

Jibu: Marahaba, Mwalimu. Mpe mjomba salamu zangu, na mwambie spana hizo asizigawe. Nitarudi kwake mwishoni.

Wanafunzi wako wameuliza jambo ambalo limeandikiwa makabrasha ofisini tangu kabla wazazi wao hawajazaliwa. Mimi naona hivi: viwanda havikufa kwa kukosa wanasayansi. Vilikufa kwa mambo mengine, na nitayataja. Lakini vilishindwa kufufuka kwa sababu nchi haikuwa na watu waliopewa kazi ya kuielewa ile mashine kiasi cha kuibomoa na kuijenga upya ifae korosho zetu. Kufa ni jambo moja, kushindwa kufufuka ni jingine, na wengi wanaobishana juu ya korosho huyachanganya.

Tuanze na hesabu, maana wewe ni mtu wa fizikia. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000 za korosho ghafi, na sehemu kubwa ilitoka huku kwetu Kusini. Kwa wingi ule Serikali ikaona hakuna sababu ya kuuza na maganda. Ikakopa Benki ya Dunia, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 vilikuwepo viwanda 12 vyenye uwezo wa kubangua zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka, vyenye mitambo ya Kiitaliano na ya Kijapani. Mtwara, Newala, Masasi, Lindi, Mtama, Nachingwea, kila mahali likasimama jengo refu la bati ambalo watoto wa leo wanalijua kama ghala au kama uwanja wa popo.

Sasa tazama upande wa pili wa mizani. Wakati mafundi wanakaza boliti za mwisho, korosho zenyewe zilikuwa zinatoweka. Msimu wa 1986/87 zilipatikana tani 16,500 hivi, nchi nzima. Hata kama zote zingeingia kiwandani, bila kangomba (ununuzi wa magendo) na bila kusafirisha ghafi hata gunia moja, zisingetosha kushibisha viwanda viwili kati ya hivyo 12. Kiwanda kisicho na malighafi hakihitaji mhujumu.

Korosho zilikwenda wapi? Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha watu, na mikorosho ikabaki kule mahame, porini, mbali na mwenye kuipalilia. Bei aliyopewa mkulima ilikuwa ndogo mno ukilinganisha na ile ya soko la dunia, akaona heri alime muhogo. Kisha ukaja ubwiriunga.

Hapa kwenye ubwiriunga nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo hoja ya "hatuna wanasayansi" inapovunjika. Ule ukungu mweupe unaofunika maua ya mkorosho kama mtu aliyemwaga sembe uliripotiwa nchini kwa mara ya kwanza mwaka 1979. Ua likishashikwa halitungi. Watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, hapo nje kidogo ya Mtwara mjini, waliufuatilia ugonjwa huo kwa miaka mingi mfululizo, wakisaidiwa na fedha za Uingereza na za Benki ya Dunia. Hawakuandika tu kwamba ni kuvu. Walipima salfa ya unga: kiasi gani kwa mti mmoja, kuanzia maua yakiwa katika hali gani, kila baada ya siku ngapi, na kwa nini ipulizwe alfajiri umande ukiwa bado juu ya maua na upepo haujaamka. Baadaye wakachagua mikorosho bora na kuichanganya, na leo kuna aina zaidi ya 50 zilizoidhinishwa zilizotoka kwenye vitalu vyao. Soko lilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, mkulima akapata sababu ya kurudi shambani na akakuta dawa na ujuzi vinamsubiri. Msimu wa 2017/18 mavuno yalivuka tani 310,000, zaidi ya mara mbili ya kile kilele cha zamani.

Kwa hiyo waambie wanafunzi wako kwamba sayansi ya mkorosho tunayo, imefanyika kilomita chache kutoka baharini, na watu kutoka nchi nyingine za Afrika huja kujifunza kwetu. Sayansi ya mti ilipata mwenyewe. Iliyokosa mwenyewe ni sayansi ya kile kinachotokea korosho ikishaanguka chini.

Ganda la korosho si mchezo. Lina kuta mbili ngumu, na katikati yake kuna vitundu kama sega la nyuki vilivyojaa mafuta makali yanayobabua ngozi. Mama yako anajua, ndiyo maana hupaka majivu mikononi kabla ya kubangua. Punje imelala ndani, imejikunja kama figo, dhaifu kuliko biskuti. Mtambo wa Kiitaliano ulifanya hivi: korosho zinalainishwa kwa unyevu, zinachekechwa na kupangwa kwa ukubwa, zinapitishwa kwenye mafuta ya maganda yaliyochemshwa hadi karibu nyuzi 200, kisha moja moja zinabebwa na mnyororo hadi kwenye visu viwili vyenye umbo la nusu korosho. Visu vinakata ganda pande zote, vinajisokota, ganda linaachana. Punje inadondoka nzima. Kwenye mchoro inapendeza sana.

Kiwandani nilikoanzia kazi, haikupendeza. Visu vina umbo moja, na chekecheke zina matundu ya vipimo vichache. Mikorosho yetu ya zamani ilipandwa kwa mbegu iliyookotwa popote. Mti huu unazaa korosho kama gololi, wa jirani yake kama kidole gumba cha mbeba mizigo, na zote zimo kwenye gunia moja. Ndogo zilipita bila kukatwa. Kubwa zilikatwa pamoja na punje yake. Zilizokauka kupita kiasi zilipasuka ovyo, na mbichi zilinata.

Hasara yake unaweza kuikokotoa ubaoni. Soko la dunia hulipia uzima wa punje. Daraja linaloitwa W320 maana yake ni punje nzima nyeupe zisizozidi 320 katika ratili moja (gramu 453.6); W240 ni kubwa zaidi na bei yake iko juu zaidi. Punje ikivunjika inashuka daraja, na vipande vidogo huishia kwenye biskuti na chokoleti. Chukua kilo 100 za korosho ghafi, tuseme zinatoa kilo 23 za punje. Kiwanda kimoja kinapata punje nzima kwa asilimia 85, kingine kwa asilimia 60. Wote wawili wamenunua ghafi kwa bei ileile, wamelipa mishahara na kuchoma kuni zilezile, lakini yule wa pili amegeuza karibu kilo sita za dhahabu kuwa shaba. Faida ya biashara hii ni nyembamba. Kilo sita hizo ndizo zinazoamua nani ataajiri watu mwakani.

Na mshindani wetu alikuwa nani? Hakuwa na mtambo wowote wa ajabu. Alikuwa mwanamke wa Kollam, jimbo la Kerala nchini India, ambako korosho za Afrika Mashariki zilikuwa zikibanguliwa tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Ameketi sakafuni, ana nyundo ya mbao. Mkono wake hupima kila korosho upya: hii kubwa, igonge hapa, hii ndogo, igonge pale. Mtambo wetu wa mamilioni ya dola ulishindana na mkono huo na ukashindwa, huku umeme wetu ukitoka kwenye jenereta za dizeli, kwa kuwa gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982 lakini ilianza kutuwashia taa miaka ya 2000.

Hapo ongeza ukata wa fedha za kigeni baada ya Vita vya Kagera na bei ya mafuta kupaa mwaka 1979. Beringi ikivunjika Newala, ombi lake linakwenda Dar es Salaam kutafuta kibali na dola, na kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa Rufiji mwaka 2003, mvua za masika zilikuwa na sauti ya mwisho kama hiyo beringi itafika ama la. Nilishasubiri beringi moja miezi minane. Ilipofika haikuwa ya saizi.

Nikusimulie jambo moja la kiwanda hicho, nisichokitaja jina, maana kwangu lina uzito kuliko takwimu zote nilizokwisha kuandika. Nilifika pale nikiwa mhandisi kijana, cheti bado kinanukia wino. Kulikuwa na fundi mchundo mmoja mtu mzima, elimu yake darasa la nane. Huyu alikuwa amegundua kwamba akikichonga kisu kwa tupa, pale ndani kwenye mkunjo, kiasi cha milimita moja hivi, vipande vinapungua kwa korosho kubwa zinazotoka upande wa mtoni. Kwa zile za juu uwandani alitaka mchongo mwingine. Alikuwa akihesabu punje nzima na vipande kwa kila debe na kuandika kwa chaki ukutani mwa karakana: tarehe, shamba, mchongo, matokeo. Miezi kadhaa ya majaribio, yamepangwa safu kwa safu. Mkuu wa zamu alipoona tupa mkononi mwake akamwandikia barua ya onyo kwa kuharibu mali ya umma. Ule ukuta ukapigwa chokaa alipokuja mgeni rasmi. Mimi mwenye cheti nilisimama pale na sikusema neno. Sikuelewa nilichokuwa nakiona.

Nilichokuwa nakiona, Mwalimu, ndicho hiki wanachokiita uwezo wa kitaifa wa sayansi na teknolojia. Mtu aliye karibu na tatizo, anapima, anabadilisha, anapima tena. Alichokosa ni mtu wa pili wa kumpokea: mwenye kuchukua vipimo vyake, kuchora kisu kipya, kukisubu, kukipa ugumu unaotakiwa tanurini, na kurudi nacho baada ya wiki mbili.

Si kwamba nchi haikulifikiria hilo. Tulikuwa na Mkakati wa Viwanda vya Msingi wa 1975 hadi 1995. SIDO ya viwanda vidogo ilianzishwa 1973, TIRDO ya utafiti wa viwanda 1979, TEMDO ya usanifu wa mashine 1980, CAMARTEC ya zana za kilimo 1981, na COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, ikaja kwa sheria ya 1986 kurithi Baraza la Utafiti. Mang'ula kulikuwa na karakana ya kutengeneza mashine, na Moshi kikajengwa kiwanda cha zana za mashine kwa msaada wa Bulgaria. Ukiyapanga majina hayo ubaoni utaona mnyororo mzima, kuanzia wazo hadi chuma. Ila TEMDO na CAMARTEC ziko Arusha, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kwenye ule ukuta wa chaki, na hakuna aliyeandikiwa kwenye mkataba wake kwamba kisu cha korosho ni kazi yake. Benki ilikopesha jengo na mtambo. Fungu la kuujifunza mtambo, kama lilikuwepo, mimi pale kiwandani sikuliona. Mwaka huohuo wa 1980 viongozi wa Afrika walikutana Lagos na kukubaliana kwamba kila nchi itenge asilimia moja ya pato lake kwa sayansi na teknolojia. Ahadi hiyo bado tunaimba.

Linganisha na Vietnam. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa nyuma yetu katika biashara hii. Walianza na mashine za mguu, za chuma chepesi: mtu anakanyaga pedali, visu viwili vinaikamata korosho, anapindua, basi. Mashine ya namna hiyo fundi yeyote wa kuchomelea anaweza kuinakili, na akishainakili anaweza kuiharibu na kuirekebisha. Karakana zao ndogo zikashindana kuirekebisha. Mwaka 2006 waliipita India na kuwa wauzaji wakubwa wa punje za korosho duniani, kisha karakana zilezile zikatoa mashine za kubangua zinazojiendesha, ambazo sasa zinauzwa Afrika. Mwanzo wao ulikuwa ni pedali. Hata jirani zetu wa Msumbiji, waliopoteza maelfu ya ajira viwanda vyao vikubwa vilipofungwa miaka ya 1990 baada ya Benki ya Dunia kushinikiza korosho ghafi ziachiwe zitoke nje, walipopata nafuu kidogo miaka ya 2000 ilitoka kwenye viwanda vidogo vya Nampula vilivyotumia mashine za mkono na mguu. Tulichokidharau sisi kama teknolojia ya kizamani kilikuwa ngazi ya kupandia.

Hata hivyo sitaki wanafunzi waondoke wakidhani kisu kizuri kingemaliza kazi. Kuna jambo la kalenda, na wachache huligusa. Korosho zetu huvunwa kuanzia Oktoba hadi Desemba, zikichelewa Januari. Afrika Magharibi huvuna kuanzia Februari hadi Mei hivi. Mwenye kiwanda wa India au Vietnam anakula za kwetu mwanzo wa mwaka, kisha anahamia za Ivory Coast, mashine zake hazipoi. Sisi tukitaka kubangua miezi 12 lazima tununue akiba ya mwaka mzima ndani ya wiki chache za mnada, kwa mkopo wa benki, na kuziweka ghalani zikilipiwa riba kila mwezi na zikipoteza ubora. Halafu kwenye mnada huohuo tunakutana na mnunuzi wa nje mwenye njaa, ambaye yuko tayari kulipa bei ya juu kwa sababu kipindi hicho hakuna nchi nyingi zenye korosho mpya. Kwa mkulima anayeuza mnadani kwa stakabadhi ghalani hiyo ni neema. Kwa mbanguaji wa Mtwara ni kitanzi. Huyo mnunuzi hajatuhujumu. Ana kalenda nzuri kuliko yetu na benki yenye riba nafuu.

Serikali ina silaha moja hapo, ushuru wa kusafirisha ghafi, asilimia 15 ya thamani au dola 160 kwa tani, kinachozidi ndicho kinachotozwa. Sehemu kubwa ya fedha hizo, asilimia 65, ilikuwa ikirudi kwenye mfuko wa kuendeleza zao, hadi Sheria ya Fedha ya 2018 ilipozipeleka zote Hazina, na wabunge wa Kusini wakapiga kelele hadi sauti zikakauka. Mimi ugomvi wangu ulikuwa tofauti na wao. Wao walililia salfa na magunia. Sikumsikia mtu akililia kisu.

Na mwaka huohuo tukafanya jaribio kubwa la maabara bila kukusudia. Novemba 2018, bei mnadani zilipoonekana ndogo, Rais Magufuli aliamuru Serikali inunue korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakaja Kusini kuzibeba. Nia ilikuwa zibanguliwe hapahapa. Ndipo ikaonekana, mbele ya kila mtu, kwamba uwezo wa kubangua uliopo nchini ni tone ndani ya ndoo, na sehemu kubwa ya zile korosho ikaishia kutafutiwa tena mnunuzi wa ghafi. Amri inaweza kuhamisha tani 200,000 kutoka ghala hadi ghala. Haiwezi kuzitoa maganda.

Niruhusu nichepuke kidogo kwenda Lindi. Mwaka 1906 mhandisi wa madini, Bernhard Sattler, alikuta mifupa mikubwa ya dinosaria kwenye kilima cha Tendaguru, na kuanzia 1909 hadi 1913 Wajerumani wakachimba. Mamia ya watu wa huku walichimba na kuibeba kichwani mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Msimamizi wa wachimbaji, mtu aliyejifunza kuitambua mifupa ardhini, kuisafisha na kuifunga isivunjike njiani, alikuwa Boheti bin Amrani. Leo mmoja wa wale mijusi wakubwa amesimama Berlin, ana zaidi ya mita 13 kwenda juu, na wanasayansi wamepata digrii zao miguuni pake. Watu hubishana kama mifupa irudishwe au isirudishwe. Mimi huwa namfikiria Boheti. Ustadi wake uliishia wapi? Hakuachiwa darasa, hakuachiwa mwanafunzi wala daftari. Tulisafirisha ghafi, na mkono uliojua kazi ukasahaulika. Miaka 70 baadaye tukafanya vilevile kwa fundi wa tupa.

Siku hizi kuna mwamko. Pale Maranje, mkoani Mtwara, kumetengwa eneo la kongani ya viwanda vya korosho, na vyama vikuu vya ushirika navyo vimeanza kubangua. Sibezi. Ila kila nikialikwa kwenye uzinduzi huwa natembea hadi nyuma ya jengo kutafuta karakana. Nikikuta mashine ya kukereza, mtu wa kuchora na mizani ya kupimia vipande, narudi nyumbani nimefurahi. Nikikuta kontena la spea za kutoka nje na namba ya simu ya wakala, basi nimeshaiona sinema hiyo. Maganda nayo ni hivyohivyo: mafuta yake hutengenezwa rangi, gundi na pedi za breki, Idara ya Kemia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imeyachapishia tafiti nyingi, na bado sehemu kubwa ya maganda yetu hutiwa kwenye boila kama kuni.

Sasa maabara yako. Mizani moja inatosha. Msimu ukianza, kila mwanafunzi alete korosho kilo moja kutoka shambani kwao, ameandika kijiji, umri wa mti kama unajulikana, na kama ni mche wa kitalu cha Naliendele au wa mbegu ya zamani. Wapime urefu, upana na unene wa korosho 100 kwa vernia, wachore grafu kwa kila shamba. Utaona mwenyewe jinsi mti wa zamani unavyotawanya na mche bora unavyokusanya. Mchora visu anaihitaji grafu hiyo kabla hajagusa chuma, na kwa mashamba ya tarafa yako huenda ikawa ya kwanza.

Kisha wakate. Glovu ni lazima, na mafuta ya kula mikononi juu ya hapo, macho yakae mbali, na asikate mtoto mwenye kidonda. Wapime punje zilizo nzuri kwa kila kilo. Gramu hizo zidisha kwa 80, gawanya kwa 453.6, unapata ratili za punje kwa gunia la kilo 80, kipimo ambacho wanunuzi hukitumia kupanga bei. Gramu 280 ni sawa na ratili 49 na ushei, na hiyo ni korosho ya kujivunia. Mzazi akijua hesabu hii ataingia kwenye mkutano wa AMCOS, chama chao cha ushirika cha msingi, na maswali tofauti kabisa.

Hatua ya tatu ni ya unyevu. Gawanya kila fungu mara tatu: zilizoanikwa siku moja, siku tatu, na zilizolowekwa usiku mmoja baada ya kuanikwa. Hesabu punje nzima na vipande. Msibadilishe mambo mawili kwa wakati mmoja. Hilo unalijua kuliko mimi.

Matokeo yapeleke Naliendele, na nakala ofisi ya SIDO. Wasipojibu, nenda na wanafunzi wawili uketi pale mapokezi.

Na mjomba. Muulize mashine yao ilikuwa inakwama wapi zaidi, kwenye chekecheke, kwenye mnyororo au kwenye visu. Muulize walikuwa wanafanya nini beringi zikichelewa, maana lazima kuna walichokuwa wanafanya. Muulize kama kwao pia kulikuwa na ukuta wenye chaki. Kama anavikumbuka vipimo, viandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la maabara, pamoja na jina lake, kabla ya matokeo ya wanafunzi.